Historia ya Kerezo, na Hilo Lililo Katika Banda Letu



Wenzangu walioandika katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama chetu Kikuu wamekwisha kueleza habari za mbaazi na alizeti, za maghala na mizani, na za taabu zilizotukuta njiani. Mimi nimeombwa niandike habari za chombo kisichopimwa kwa gunia. Chombo hicho ni kerezo, yaani mashine ya kukerezea miti, lile lililo katika banda la useremala nyuma ya ghala letu hapa mjini Babati. Kila aliyewahi kuleta mazao amelisikia likivuma, na tangu msimu uliopita hapana asiyejua kwamba sauti yake si ile ya zamani. Miguu ya meza hutoka ikiwa na michirizi, na mchi wa kinu uliokusudiwa kuwa mviringo hutoka na umbo la yai. Hoja itafika mbele ya Mkutano Mkuu ujao: je, tununue kerezo jipya, au tulitengeneze hili tulilo nalo? Fedha ya kufanya yote mawili hatuna.

Na fedha hiyo si ya mtu mwingine. Ni makato ya mazao yetu wenyewe. Sote twakumbuka mwaka 2017, Serikali ya India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zitokazo nchi za nje. Bei ikaporomoka, na mkulima wa Babati akajua kwamba amri iliyoandikwa Delhi yaweza kumfungia mlango nyumbani kwake. Mtu aliyepita katika mwaka kama ule hawi mwepesi wa kutoa fedha ya ushirika kwa ajili ya chombo kipya kwa sababu tu kinang'aa. Kwa hiyo nimeona vema kwamba kabla hatujainua mikono tujue kerezo lilitoka wapi, maana historia yake inalo neno la kusema juu ya hoja hii.

Seremala anaporanda, ubao hutulia na chombo hutembea. Katika kukereza mambo hugeuka: mti huzunguka na patasi hutulia. Kwa kazi hiyo zahitajiwa sehemu nne tu. Kuna kitanda, yaani boriti mbili zilizolala sambamba. Kuna kichwa, chenye mhimili unaozungusha mti. Kuna mkia, wenye ncha ya kuushika mti upande wa pili. Na kuna egemeo la kuwekea patasi. Juu ya hizo huongezwa nguvu ya kuzungusha. Msomaji azishike sehemu hizo akilini, kwa sababu tangu zamani hata leo hazikuongezeka. Kilichobadilika zaidi ni nguvu, pamoja na ubora wa mhimili na mahali unapokalia.

Picha ya kale ijulikanayo sana ya kerezo imechongwa katika kaburi la Petosiris huko Misri, la miaka ipatayo 300 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Watu wawili wameonyeshwa kazini: mmoja avuta kamba iliyozungushwa kwenye mti, wa pili ashika chombo cha kukatia. Basi kerezo la kwanza lilikula mishahara miwili! Baadaye watu wa Mashariki wakaiweka kamba ile katika uta, mfano wa keekee, na fundi mmoja akaweza kukaa chini, kuvuta uta kwa mkono mmoja na kushika patasi kwa mkono mwingine, akiisaidia kwa kidole cha mguu. Watu wa Ulaya walifunga kamba kwenye ufito uliopinda juu ya kichwa cha fundi, wakaikanyaga kwa ubao wa mguu. Katika namna zote hizo mti huenda na kurudi, na patasi hukata unapokuja tu. Nusu ya kazi hupotea katika kurudi. Leonardo da Vinci, katika karne ya 15, alichora kerezo la kukanyaga lenye gurudumu zito, ambalo huendelea kuzunguka upande mmoja bila kurudi. Hata hivyo wakereza wa miguu ya viti katika misitu ya karibu na High Wycombe, Uingereza, waliendelea na ufito wao mpaka karne ya 20. Hawakuwa wajinga. Ufito uliota pale pale msituni, nao haukuwa na bei.

Katika pwani yetu kazi hii si ngeni. Neno lenyewe, kukereza, ni la wenyeji wa pwani, na mkereza alikuwa fundi mwenye heshima yake. Lamu na Unguja zilisifika kwa vitanda vyenye matendegu yaliyokerezwa na kutiwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Rangi za namna hiyo hazipakwi kwa brashi. Fundi hubana kipande cha lakiri kwenye tendegu linalozunguka, joto la msuguano likaiyeyusha, ikashika mti na kung'aa kama kioo. Mimi husema kwamba watu waliofanya kazi ile kwa uta na kamba ya ngozi wametuachia somo ambalo mafundi wengi wa mota hawajalimaliza.

Kutoka pwani ufundi ulipanda bara kwa njia nyingi. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliweka karakana za kufundishia useremala na uhunzi. Mafundi wa Kihindi walikuja kwa ajili ya reli na majengo, wakafungua karakana katika miji, na vijana wengi wa Kiafrika walijifunza huko kwa kutazama tu, pasipo cheti. Serikali ya kikoloni nayo ilifungua shule za ufundi, ya Ifunda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ya Moshi mwaka 1957. Huko kijana alikutana na kerezo la chuma cha kuyeyushwa, zito, lenye mhimili ulionyooka kabisa. Alipomaliza masomo na kurudi kwao alikuta banda lisilo na chombo kama kile, wala umeme wa kukiendesha.

Hapo ndipo palipoanza shida ambayo bado tunayo. Babati yetu iko kwenye ile barabara kuu ya zamani itokayo Arusha kwenda Dodoma, mwendo wa kilometa zipatazo 170 kutoka Arusha, na kabla ya lami masika yaliweza kuukata mji na dunia. Fundi aliyehitaji beringi alilipa bei ya beringi, kisha akalipa lori, kisha akalipa siku za kungoja. Mwenye injini ya dizeli aliunganisha mashine zake kwa shafti moja na mikanda: msumeno huku, kinu cha kusaga kule, na kerezo mwishoni. Asiye na injini alikanyaga kwa mguu.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wazo la vyombo vya kijijini vilivyotengenezwa kwa mikono ya wanakijiji lilipata nguvu. Katika mkoa wa Arusha, ambao Babati ilikuwa ndani yake mpaka mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002, kilikuwako kituo cha kujaribia zana za kilimo kilichojulikana kwa herufi TAMTU, na kazi zake zikarithiwa na CAMARTEC iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Kati ya mawazo ya nyakati zile ni beringi ya mti: gogo gumu hutobolewa, likachemshwa katika mafuta mpaka yakaingia ndani, kisha likabeba ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe. Nimewasikia vijana wakilicheka jambo hili. Wasilicheke, kwa sababu kwa mwendo wa ng'ombe, au wa kerezo la kukanyaga, beringi ya namna hiyo yafaa sana. Kwa mwendo wa mota haifai, itaungua.

Serikali nayo ilikwisha kuliona jambo la vyombo. SIDO iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kusaidia viwanda vidogo. Tena katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Bulgaria, kilijengwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Kazi ya kiwanda hicho haikuwa kutengeneza meza wala majembe, bali kutengeneza mashine zenyewe, za chuma na za mbao. Wazo hilo lilikuwa kubwa, maana msingi wa viwanda ni mashine izaayo mashine. Henry Maudslay wa London alipata sifa yake karibu na mwaka 1800 kwa kerezo la chuma lililokata hesi kwa usahihi ule ule kila mara, na kutoka katika kerezo la namna ile zilizaliwa mashine nyingine nyingi. Kiwanda cha Hai kilidorora katika miaka ya 1990, na miaka mingi ikapita kabla ya juhudi za kukifufua kuanza. Sitaki kumlaumu mtu hapa. Nasema tu kwamba mashine ikipoteza kiwanda chake, aliyeinunua hubaki na mzigo wa kutafuta vipuri vyake peke yake.

Miaka ya vita na Idi Amin, 1978 na 1979, na ile iliyofuata, iliwafundisha mafundi kuishi bila duka. Fedha za kigeni zilikuwa adimu. Vyama vikuu vya zamani vilikwisha kuvunjwa mwaka 1976, wala havikurudishwa mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo karakana iliyotegemea chama haikuwa na mtu wa kuinunulia hata mkanda. Katika dhiki hiyo lilienea kerezo la namna ya hili letu. Boriti mbili za mninga ndizo kitanda. Habu ya gari lililokufa, pamoja na ekseli yake, ndiyo kichwa. Kipande cha bomba na boliti ndefu ndiyo mkia. Fundi wa gereji na seremala walikaa pamoja, na kila mmoja akatoa alichokuwa nacho.

Tangu biashara ilipofunguliwa, katikati ya miaka ya 1980, zimekuja mashine zilizotumika kutoka nchi za nje, tena nyingine ni nzuri kweli kweli. Hapa sina budi kusimulia kosa langu mwenyewe, ingawa mke wangu ameniomba nisilitie katika kitabu. Nikiwa katibu wa kikundi kidogo cha maseremala, kabla ya kujiunga na Chama hiki, niliwashawishi wenzangu tununue kerezo la kigeni kutoka kwa muuzaji mmoja. Lilikuwa zito, la rangi ya kijani, na lilizunguka dukani kwa ukimya kama pia ya mtoto. Tulipolifikisha bandani fundi wa umeme akafungua kifuniko cha mota, akatazama, akafunga. Mota ilikuwa ya fezi tatu, na nguzo yetu ilileta fezi moja. Muuzaji hakutudanganya, kwa maana hatukumwuliza. Kerezo lile lilikaa chini ya turubai masika mawili, kuku wakataga juu yake, na mwisho tukaliuza kwa hasara. Kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu kilikuwako, lakini fedha yote ilikuwa imekwisha katika ununuzi.

Tangu siku ile nimekuwa na desturi ya kuuliza, kabla ya bei: ni kitu gani hasa kilichokufa katika chombo cha zamani? Nimelitazama kerezo letu pamoja na fundi, na jibu ni hili. Kitanda ni kizima. Uzi uliovutwa kutoka kichwani hadi mkiani waonyesha kwamba boriti hazijapinda. Mkia ni mzima. Egemeo limelika, nalo laweza kusawazishwa kwa tupa asubuhi moja. Mota imewahi kusukwa upya, na bado yavuta. Kilichokufa ni beringi mbili za kichwa, na pamoja nazo mhimili umelika mahali zilipokaa, hata beringi mpya ikitiwa hapo itacheza. Basi chanzo cha michirizi ile na umbo la yai ni vitu vitatu ambavyo mtu mmoja aweza kuvibeba katika kikapu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba beringi, kati ya vitu vyote vya mashine, ndiyo isiyojali ilikozaliwa. Yenye namba 6206 ina tundu la milimita 30 na upana wa nje wa milimita 62, iwe imetengenezwa Ulaya, Japani au China, na huuzwa kwa ajili ya pampu na mashine za kusaga kama ilivyo kwa kerezo. Tukichonga mhimili mpya kufuata namba hiyo tutakuwa tumejifunga na bidhaa ya kila duka la vipuri, badala ya habu ya gari ambalo halitengenezwi tena. Kazi ya mhimili ni ya kerezo la chuma, nalo lapatikana katika karakana za Arusha. Nashauri mhimili huo utobolewe mbele tundu la kupungua kuelekea ndani, la kipimo kiitwacho Morse namba 2, ambacho ndicho cha makerezo mengi ya kiasi chetu. Hapo, siku tukipata fedha za kununua ncha ya kuzunguka au kifaa cha kushikia bakuli, kitaingia bila kuombwa.

Jambo la pili ni mwendo. Kerezo letu lina puli moja na mwendo mmoja, na fundi anapotia gogo pana hufumba jicho. Wakereza wana kanuni yao ya zamani: kipenyo cha mti kwa inchi, ukikizidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jawabu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa meza wa inchi 3 wataka mizunguko kati ya 2,000 na 3,000. Bakuli la inchi 10 lataka kati ya 600 na 900. Mota yetu huzunguka mara zipatazo 1,440. Puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye mhimili hutoa 720. Mbili za inchi 4 na nusu hutoa 1,440. Na ya inchi 6 kwa ya inchi 3 hutoa 2,880. Puli za ngazi tatu za namna hiyo zaweza kukerezwa kwa mninga mkavu juu ya kerezo hilo hilo likiisha kupona. Sijui chombo kingine katika banda kinachoweza kujitengenezea kiungo chake.

La tatu halina gharama ila jasho. Kerezo jepesi hutetemeka. Masanduku mawili ya mchanga yaliyofungwa katika miguu yake yataliongezea utulivu. Mkanda nao ufunikwe. Kwa sasa uko wazi, na banda letu hupitwa na watoto na akina mama wenye kanga. Ikiwa Mkutano utakubali jambo moja tu katika haya yote, basi na liwe kifuniko hicho.

Wapo wanaotaka jipya, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wasema kwamba kerezo jipya huja na miendo mingi, na kifuniko chake, na kwamba kutengeneza cha zamani mara kwa mara hula fedha kidogo kidogo mpaka ikazidi bei ya kipya. Kweli, huwa hivyo pale matengenezo yanapofanywa bila daftari. Lakini jipya la bei yetu aghalabu ni jepesi, na mota yake ni ndogo kuliko tuliyo nayo. Jipya lililo zito kwelikweli lingemaliza akiba ya misimu kadhaa, na mafundi wetu wangeanza kukereza miti gani kwa wingi wa kulirudishia gharama? Msitu wa Duru-Haitemba, wa hekta zipatazo 9,000, uko chini ya ulinzi wa vijiji tangu katikati ya miaka ya 1990, na heri ni hivyo, maana ulikuwa ukiliwa. Mninga hauwezi kukatwa kama zamani. Twategemea grevilea na mikaratusi ya mashambani, pamoja na vipande vinavyobaki katika milango na madirisha. Uzuri wa kerezo ni kwamba hula vipande. Mpingo, ambao ni mti wa thamani kubwa, huishia kuwa zumari za Ulaya kwa kazi ya kerezo. Na mkereza mmoja wa Texas, James Harris, ndiye aliyeungana na Sebastian Chuwa wa Moshi mwaka 1996 kuanzisha mradi wa kupanda mipingo, kwa kuwa alijua mti aliokuwa akikereza ulitoka kwetu.

Maoni yangu, basi, ni kwamba safari hii tununue mhimili, beringi mbili na mkanda, tukereze puli, tutie kifuniko, na tufungue daftari la kila shilingi inayoingia katika kerezo hilo na kila kazi inayotoka. Daftari likionyesha baada ya misimu miwili kwamba kazi imezidi uwezo wa chombo, mimi nitakuwa wa kwanza kusimama na kuomba jipya, na nitauliza habari za fezi kabla ya bei.

Mhimili wa zamani umekwisha kutolewa. Uko juu ya meza ya fundi bandani, umefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, pamoja na beringi zake mbili. Mjumbe yeyote atakayekuja mjini kabla ya Mkutano Mkuu na aende aushike kwa mkono, aipitishe kucha yake mahali beringi ilipokaa, atausikia mfereji.